Kamari: Kutoka Mishale ya Makka Hadi Simu ya Kiunga



Mwezi umeandama, karata zimewekwa kando, na yule ambaye mwaka mzima haonekani msikitini leo yuko safu ya mbele kwenye tarawehe. Alhamdulillah. Lakini kuna jambo moja ambalo haliwekwi kando kirahisi, kwa sababu halichezwi barazani. Lachezwa ndani ya mfuko wa kanzu. Imamu akishatoa salamu ya witiri, kuna anayeinua mikono kuomba dua, na kuna anayeinua simu kutazama matokeo ya mechi za Ulaya. Si kwa mapenzi ya mpira tu. Ameweka pesa.

Makala haya hayakuandikwa kumsuta huyo. Wala hayarudii somo la kwamba kamari ni haramu, kwani hilo hata yeye alilijua tangu chuoni. Swali letu ni jengine: mtu akishajua ni haramu, akataka kuacha, akashindwa, akajaribu tena, sisi tulio karibu naye twafanya nini? Na waliotutangulia walifanya nini? Hebu turudi nyuma kidogo, kisha tushuke taratibu mpaka kwetu Kiunga.

MISHALE KUMI

Waarabu wa zama za ujahilia walikuwa na kamari yao, wakiiita maysir. Wanazuoni wengi wa lugha wameliunganisha neno hili na yusr, yaani wepesi, kwa kuwa ni mali inayokuja bila jasho. Mchezo wenyewe ulikuwa hivi: watu hununua ngamia, akachinjwa na kugawanywa mafungu. Kisha huletwa mishale kumi. Saba kati yake ina majina na hisa. Wa kwanza, al-Fadhdh, una hisa moja. Wa pili, at-Taw'am, hisa mbili. Huenda hivyo mpaka wa saba, al-Mu'alla, wenye hisa saba. Mitatu iliyobaki ni mitupu. Mishale hutiwa kwenye mfuko, na mtu anayeaminiwa hutoa mmoja mmoja kwa jina la kila mchezaji. Wapokezi wamehitilafiana katika hesabu za mafungu, lakini shina la mambo ni moja: aliyetokewa na mshale wenye hisa alipata nyama, na aliyetokewa na mtupu aliondoka mikono mitupu na deni la ngamia juu yake.

Sasa hapa pana jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Walioshinda hawakuwa wakila ile nyama. Walikuwa wakiwapa maskini, hasa wakati wa baridi na ukame, na wakijifaharisha kwa hilo. Mtu asiyeingia mchezoni alikuwa akichekwa na kuitwa bahili. Yaani kamari ilivaa nguo ya ukarimu! Ndiyo maana Surat al-Baqara, aya ya 219, haikukana kwamba ulevi na kamari vina manufaa kwa watu. Ilikiri yapo, kisha ikasema dhambi yake ni kubwa zaidi kuliko hayo manufaa. Baadaye katika Surat al-Maida, aya ya 90 na 91, ndipo mlango ulipofungwa kabisa, na sababu zikatajwa: uadui na chuki baina ya watu, na kuzuiwa na kumkumbuka Mwenyezi Mungu na kuswali. Aya hiyo yamalizika kwa kuuliza kama sasa tutaacha, na Sayyidna Umar (R.A.) akajibu kwamba wameacha.

Imam Tabari katika tafsiri yake amepokea kutoka kwa Qatada maelezo ya huo uadui. Mtu alikuwa akiweka rehani mali yake na hata watu wake, akishindwa anakaa chini na huzuni, amevuliwa kila kitu, anatazama mali yake ikiwa mikononi mwa mwengine. Hebu mtazame huyo mtu vizuri, ndugu msomaji. Aya imeshuka zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, lakini yule aliyekaa kitako akitazama mali yake kwa mwengine, wewe wamjua. Siku hizi hukaa hivyohivyo, ila kichwa kimeinamia kioo cha simu.

MEZA, MVINYO NA KARATA

Tukija pwani kwetu, lugha yenyewe yatupa ushahidi. Neno kamari ni la Kiarabu, qimar. Lakini karata ni Kireno. Dadu, Kireno. Turufu, Kireno. Kopa, shupaza, uru na pau, zote nne zimetoka kwa Wareno, na meza ya kuchezea na mvinyo wa kunywewa juu yake nayo ni maneno yao. Vasco da Gama alipita pwani hii mwaka 1498, na miaka michache baadaye miji yetu ikaanza kutozwa kodi kwa nguvu za mizinga. Faza iliteketezwa mwaka 1587. Ngome ya Mombasa ilipoanguka kwa Waomani mwaka 1698 Wareno walikwenda zao, maneno yakabaki.

Usinielewe vibaya. Sisemi wazee wetu hawakujua kamari kabla ya hapo. Watu hawangojei mgeni awafunze kupoteza mali. Nasema kila zama kamari huja na chombo kipya, na ukitaka kujua watu wataipinga vipi, kitazame kwanza hicho chombo.

Karata zahitaji watu. Lazima mkae wanne, lazima muwe mahali, na mahali pana njia. Ami yako atapita. Mwalimu wa chuo atapita. Hata ile pata potea ya stendi za mabasi, ambayo imewala wengi nauli zao, haiendi bila ya kundi kuzunguka. Na kijiji kama Kiunga ni mahali ambapo mtu akikohoa nyumba hii, nyumba ya tatu wanampa pole. Basi kamari ya zamani ilizuiwa na macho. Mtu aliona haya, au baba yake aliambiwa kabla ya magharibi. Dawa hiyo ilikuwa na ukali wake, na wengine iliwaumiza bure, lakini ilifanya kazi kwa kuwa ugonjwa ulikuwa ukionekana.

MASAFA YALIYOTUKINGA

Baada ya uhuru, Kenya ilitunga sheria yake ya kamari na bahati nasibu mwaka 1966, na bodi ya kutoa leseni. Kasino zikafunguliwa, lakini nyingi zilikuwa Nairobi na Mombasa. Mtu wa Kiunga aliyetaka kwenda kasino ilibidi apande mashua mpaka Lamu, avuke Mokowe, apande basi mpaka Mombasa, na akifika huko labda mlinzi amkatalie kwa sababu ya kandambili. Twacheka, lakini masafa yale yalikuwa ukuta. Hakuna aliyeujenga kwa makusudi, na hakuna aliyejua thamani yake mpaka ulipobomoka.

Ulibomoka kwa awamu mbili. Mwezi wa Machi 2007 M-Pesa ilianza, na hiyo ni neema kubwa kwa watu wa mbali na benki. Mvuvi akiuza kamba wake aweza kumtumia mamake pesa Lamu papo hapo. Mwaka 2014 SportPesa ikaanza kazi Kenya, na wengine wengi wakafuata, wote wakitumia njia ileile ya pesa za simu. Mwaka 2017 shirika la GeoPoll liliuliza vijana wa miaka 17 hadi 35 katika nchi sita za Afrika kama wamewahi kucheza kamari. Kenya ilikuwa juu ya zote: asilimia 76 walisema wamewahi. Kuwahi si kunaswa, tuwe waadilifu. Lakini katika kila kundi la wanaoonja, wapo watakaonaswa.

Na ile nguo ya ukarimu ya Waarabu ikavaliwa upya. Kampuni ile ile ya SportPesa ilidhamini ligi kuu ya Kenya na vilabu vya Gor Mahia na AFC Leopards, na mwaka 2017 ikadhamini Simba na Yanga kule Tanzania, na jina lake likakaa kifuani mwa Everton ya Uingereza. Kodi za kamari zilipopandishwa Januari 2018, udhamini huo wa Kenya ulisimamishwa, na watu wakalia kwamba mpira umekufa. Je, si ni yale yale ya nyama ya ngamia? Maskini amepata fungu, kwa hiyo mchezo ni mwema! Qur'ani ilishaijibu hoja hiyo kabla ya mpira wa miguu kuwa na sheria.

Serikali nayo imehangaika. Mwaka 2019 leseni za makampuni 27 hazikufanywa upya, na mwezi wa Septemba SportPesa na Betin zikafunga kazi zao. Mwaka uliofuata SportPesa ikarudi. Aprili 2025 matangazo ya kamari yalisimamishwa kwa siku 30. Agosti 2025 Rais Ruto alitia saini sheria mpya ya kudhibiti kamari iliyochukua nafasi ya ile ya 1966, na moja katika vifungu vyake ni kwamba dau lisiwe chini ya shilingi 20. Sheria hizi zina faida zake, sizidharau. Lakini hakuna sheria itakayoingia ndani ya chandarua saa nane za usiku.

KIJANA MMOJA

Tumchukue kijana mmoja. Si mtu fulani, usianze kumtafuta kijijini. Ni mvuvi, hupiga mbizi kutafuta kamba. Twajua maisha ya hapa yalivyo: kusi likivuma bahari haiingiliki, kaskazi likija ndipo riziki inapofunguka, na katika miaka ya 2010, vita vya Somalia vilipotukaribia, uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku kwa muda mrefu. Basi pesa huja kwa vishindo na huondoka kwa vishindo. Mtu aliyezoea riziki ya namna hiyo ni mwepesi kuamini kwamba leo sina, kesho nitapata kubwa. Bahari imemfunza hivyo. Kamari humwambia maneno yale yale, ila bahari haikutengenezwa na mtu ili imle.

Alianza na shilingi hamsini. Akapata elfu moja na mia mbili, na hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote katika maisha yake, ingawa yeye aliiona ya furaha. Baada ya hapo aliliwa. Akaweka nyingi zaidi ili arudishe zilizoliwa. Vijana huuita mkeka, ule mpangilio wa timu nyingi kwa dau moja, na ukipotea husema mkeka umechanika. Nami nalichukia neno hilo, maana mkeka kwetu ni kitu cha kuswalia na cha kulazia maiti. Mkeka wake ulikuwa ukichanika kwa timu moja tu: tisa zimeingia, ya kumi imefungwa goli dakika ya mwisho. Watafiti wa Cambridge walionyesha mwaka 2009 kwamba kukosa kidogo namna hiyo huamsha sehemu zilezile za ubongo zinazoamshwa na kushinda. Yaani yeye ameliwa, lakini kichwa chake chamwambia alikaribia. Hivi leo Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari katika orodha yake ya maradhi, pamoja na uraibu wa vileo na madawa.

Ramadhani iliyopita aliapa. Wallahi sitacheza tena. Akafuta kila kitu kwenye simu. Mwezi wote hakucheza, na Shawwal nusu. Kisha kusi likaanza, kazi hakuna, rafiki akamtumia ujumbe. Akacheza. Sasa amevunja na kiapo, ana kafara juu yake ya kulisha maskini kumi au, asipoweza, kufunga siku tatu. Lakini hakulisha wala hakufunga. Alijiambia yeye ameshaharibika, basi ya nini kuhesabu. Pesa zilipokwisha akakopa kwa simu, kwani Fuliza ipo tangu 2019, simu yenyewe yakupa deni kabla hujamaliza kuomba.

Na sisi je? Mamake alimlipia deni la kwanza kwa kuuza bangili, akamwambia babako asijue. La pili akalilipa pia. Marafiki walimpa jina, wakimwita Jakpoti. Mkewe alinyamaza, kisha akarudi kwao. Mzee mmoja msikitini alisimama baada ya swala ya Ijumaa akasema kuna watu humu wanaswali na matumbo yao yamejaa haramu, na kila mtu akageuza shingo kumtazama. Wiki iliyofuata hakuja Ijumaa. Wote hawa wanampenda, na usidhani nawatania. Lakini jumlisha yote uone alichopata: mmoja alimwondolea maumivu ya deni, mmoja alimfanya mchezo, mmoja alimkimbia, na mmoja alimfungia mlango wa msikiti. Aliyebaki kumfungulia mlango, na kumwandikia karibu kila siku, na kumpa zawadi ya kuanzia, ni nani? Ni kampuni ya kamari.

MTU ALIYESHINDWA KUACHA, MADINA

Sasa turudi Madina. Qur'ani imeweka ulevi na kamari katika aya moja, kwa hiyo tulichopokea juu ya namna Maswahaba walivyomtendea mlevi ni somo kwa mcheza kamari pia.

Katika Sahihi Bukhari, Sayyidna Umar (R.A.) anasimulia juu ya mtu aliyeitwa Abdullah, ambaye lakabu yake ilikuwa Himar. Alikuwa akimchekesha Mtume (S.A.W.). Huyu bwana alikuwa akinywa. Alishapigwa kwa ajili ya ulevi, na siku moja akaletwa tena, akapigwa tena. Mtu mmoja katika waliohudhuria akamlaani, akashangaa jinsi anavyoletwa mara kwa mara. Mtume (S.A.W.) akamkataza asimlaani, akasema kwamba ajuavyo yeye, mtu huyo anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake.

Tusiipite hadithi hii mbio. Kwanza, hii ni Madina, na Mtume yuhai, na wahyi washuka, na bado kulikuwa na Muislamu aliyeshindwa kuacha. Basi ukisema kijana wa Kiunga akishindwa mara ya tatu ni kwa sababu hana imani, wewe umejua kitu ambacho Mtume (S.A.W.) hakukisema. Pili, adhabu haikuondolewa. Hakuna aliyeambiwa amwache, ni kijana, dunia imebadilika. Kosa lilibaki kosa. Kilichokatazwa ni ulimi wa yule wa pembeni. Katika riwaya nyengine ya tukio la aina hii, watu waliambiwa wasimsaidie shetani dhidi ya ndugu yao. Maana shetani anataka nini? Anataka mtu huyu aamini kwamba ameshafukuzwa. Ukimlaani, umemthibitishia.

Kisa cha pili Ibn Kathir amekitaja mwanzoni mwa tafsiri ya Surat Ghafir. Kulikuwa na mtu hodari wa Sham aliyekuwa akija kwa Sayyidna Umar, akapotea. Umar akauliza habari zake, akaambiwa amezama kwenye pombe. Tazama alichofanya Amirul-muuminina, mtu ambaye twamsifu kwa ukali na bakora yake. Alimwita mwandishi, akamwandikia barua. Ndani yake aliweka mwanzo wa sura hiyo, aya zinazomtaja Mwenyezi Mungu kuwa ni mwenye kughufiria dhambi na mwenye kupokea toba, na pia mkali wa kuadhibu. Kisha akawaambia waliokuwepo wamuombee ndugu yao. Zamakhshari ameongeza kwamba Umar alimwambia mjumbe asimpe barua ile mpaka amkute hajalewa. Barua ikafika. Yule mtu akawa aisoma na kuirudia, akisema kwamba ameonywa na ameahidiwa, akalia, akaacha, na akaacha vizuri. Umar alipopata habari aliwaambia watu wafanye hivyo wakimwona ndugu yao ameteleza: wamnyooshe, wamuombee, wasiwe wasaidizi wa shetani.

Mimi hunivutia zaidi ile ya mjumbe kungoja mpaka mtu apate fahamu. Kwani sisi twamkabili mcheza kamari saa gani? Saa ile ile aliyoliwa, damu imemchemka, na sisi tumechemka. Maneno ya kweli yakasemwa saa ya uwongo. Subiri. Subiri siku ametoka baharini, ameoga, amekula. Na usimtumie ujumbe wa kusambazwa kwa watu mia. Umar alikuwa na dola nzima ya kuendesha, na alimwandikia mtu mmoja kwa jina lake.

Na hapa kwetu mfano hauko mbali. Waislamu wa pwani hatukubaliani juu ya mambo yote yahusuyo Riyadha ya Lamu, hilo lajulikana. Lakini hakuna anayekana kwamba Habib Swaleh, aliyefariki mwaka 1935, aliwakalisha darasani watu ambao wakubwa wa mji hawakutaka kukaa nao, na alilaumiwa kwa hilo. Hao hawakuwa wacheza kamari. Nilitakalo ni mlango tu.

JE, ASEME AU AJISITIRI?

Kijana atauliza, na ni swali zuri: Uislamu haukunifunza nijisitiri? Mtume (S.A.W.) amesema umma wake wote watasamehewa isipokuwa wanaojitangaza kwa maasi. Na yule Hazzal aliyemhimiza Maiz aende akiri kosa lake aliambiwa kwamba lau angemsitiri kwa nguo yake ingekuwa bora zaidi kwake. Basi kwa nini nimwambie mtu?

Jawabu ni kwamba kujitangaza ni kitu kimoja na kuomba msaada ni kitu chengine. Ukienda kwa daktari huvui nguo sokoni. Yule muuaji wa watu tisini na tisa katika hadithi ya Bukhari na Muslim alimwendea mjuzi, akamwambia. Wa kwanza alimkatia tamaa, na hilo halikuleta ila maafa. Wa pili alimwambia mlango wa toba uko wazi, kisha, katika riwaya ya Muslim, akamwambia ahame ardhi yake aende kwa watu wema. Hakuishia kwenye nasaha. Alimwonyesha na mahali.

Hata wasiokuwa Waislamu wamefika hapo kwa njia yao. Mwaka 1957 kule Los Angeles, Marekani, wanaume wawili walioteswa na kamari walianza kukutana na kuzungumza. Waligundua kwamba kila wakikutana hakuna aliyerudi kucheza. Ndiyo chanzo cha Gamblers Anonymous, jumuiya ambayo sasa imeenea nchi nyingi, watu wakikaa wakitajana kwa jina la kwanza tu. Usiri upo na kusema kupo, vyote pamoja. Watu wawili tu! Kiunga haikosi watu wawili. Kamari ya karata ilizuiwa na macho ya watu. Ya simu haionekani, haitajulikana mpaka mwenyewe aseme, na hatasema pale alipoona mwenzake akigeuziwa shingo msikitini.

MALI NA DENI

Sasa tuje kwenye pesa, kwa sababu toba bila ya kuzungumza pesa ni nusu.

Mamake aliyeuza bangili alifanya kwa huruma, lakini alilipa bila ya kushika mfuko. Fiqhi yetu ina mlango mzima uitwao hajr, kumzuia mtu kutumia mali yake ikiwa anaifuja. Imam Abu Hanifa hakuona mtu mzima huru azuiliwe kwa ufujaji; Imam Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo ya pwani hii, ameona azuiliwe. Na haikuwa aibu ya watu duni. Imam Shafii amepokea kwamba Sayyidna Ali alitaka kumwomba Sayyidna Uthman amzuie Abdullah bin Jaafar, mtoto wa kakake mwenyewe, kwa biashara aliyoifanya kwa bei ya kupita kiasi. Zubair akamwokoa kwa kusema yeye ni mshirika katika biashara hiyo, na Uthman akasema atamzuia vipi mtu ambaye mshirika wake ni Zubair. Jina kubwa, nyumba ya Mtume, na bado mambo ya fedha zake yalizungumzwa waziwazi na watu wazima. Hajr yenyewe ni kazi ya kadhi, lakini kijana aweza kuomba mwenyewe, kwa hiari, pesa za kamba ziwe zikilipwa kwa laini ya mkewe au ya ami yake, naye apewe matumizi ya siku. Kuna watakaosema hiyo ni kumdhalilisha mwanamume. Mwanamume aliyeuziwa mashua kwa deni la simu ameheshimiwa?

Kuna na hadithi nyengine ya Bukhari na Muslim: mwenye kumwambia mwenzake njoo tucheze kamari, na atoe sadaka. Baadhi ya wanazuoni wameeleza kwamba atoe kile kile alichokusudia kukiweka. Hii ni dawa ya mkono. Shilingi mia imeshafunguliwa moyoni kutoka. Basi na itoke, ila iende kwa mjane. Na akiwa na pesa alizoshinda zamani, hizo si mali yake. Azitoe kwa maskini bila ya kungojea thawabu za sadaka, ila za toba.

Mwisho ni deni. Ramadhani wengi wetu hutoa zaka za mali, na katika mafungu manane ya Surat at-Tawba, aya ya 60, limo la wenye madeni. Je, aliyekopa kwa kamari anaingia? Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, katika Minhaj, kitabu kinachojulikana sana kwa wanachuo wa Kishafii, ameikuta kauli kwamba anayepewa ni yule aliyekopa pasi na maasi. Akaongeza maneno yake mwenyewe: kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba aliyekopa kwa maasi naye hupewa, akitubu. Kwa hiyo kamati ya msikiti ikikaa wiki hii kupanga orodha ya zaka, na ikathibitika kwamba kijana ameacha na ameshakubali pesa zake zishikwe, jina lake lina haki ya kuwemo. Kwa ridhaa yake, apelekewe mdai moja kwa moja, isipite kwenye simu yake. Na orodha isisomwe kwa kipaza sauti.